Mkurugenzi Husikia Chumba Chako Kabla ya Kukusikia Wewe

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ametuma faili ya sekunde 40 na swali moja: "Nimenunua maiki ya kondensa, nimetuma odisheni sita za kazi ya sauti, sijaitwa hata moja. Maiki ni mbovu ama sauti yangu ndiyo mbaya?"

Dada, maiki ni nzima na sauti yako ni nzuri. Vaa hedifoni, sikiliza sekunde ya tatu, pale unaposema "karibu". Ile "u" ya mwisho inakatika, kisha kuna kijimkia kinachofuata, kama mtu aliye bafuni anakuitikia. Hicho kijimkia ndicho kinachokunyima kazi. Ni taili za sakafuni, plasta ya kuta nne, kioo cha dirisha na zege la dari, vyote vinakurudishia maneno yako yakiwa yamechelewa. Mkurugenzi anayechagua sauti, mwenye faili nyingi za kusikiliza asubuhi moja hangoji sekunde ya 40. Akisikia bafu, anafungua faili inayofuata.

Inauma kuona kijana anakopa ili anunue maiki ya bei, kisha anaisimamisha katikati ya chumba kitupu. Maiki ya kondensa ina masikio makali. Ukiipeleka kwenye chumba kibaya itakiweka wazi chumba hicho kuliko ile ya bei nafuu uliyoiacha dukani Luthuli. Shilingi ya kwanza iende ukutani.

Anza kwa kupima. Simama mahali unaporekodia, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio mwembamba unaotetema baada ya kofi, kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Piga tena ukiwa umefungua kabati la nguo na kuingiza kichwa na mikono ndani. Kofi linakufa papo hapo. Tofauti ya makofi hayo mawili ndiyo kazi iliyo mbele yako.

Sasa jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Maiki nyingi za sauti ya mtu husikia kwa mbele na kuziba sikio kwa nyuma. Mbele yake uko wewe, na nyuma yako kuna ukuta. Sauti yako inapita kando ya maiki, inagonga ukuta ulioutazama, inavuka chumba, inagonga ukuta wa mgongoni, kisha inapita juu ya bega lako na kuingia moja kwa moja kwenye maiki. Kwa hiyo blanketi la kwanza hukaa nyuma ya mgongo wako. Ile ngao ya sifongo ya nusu duara inayofungwa nyuma ya maiki inalinda upande ambao maiki haisikii vizuri hata hivyo. Kama tayari unayo, iache, lakini usiinunue kabla ya kuziba mgongo.

Kwa bedsita ya kupanga, ambako keateka hataki kuona msumari ukutani, fremu za paipu ndizo zinazofaa. Paipu ya plastiki ya maji ya inchi moja huuzwa kwa urefu wa mita 6. Ikate vipande viwili vya mita 2 na viwili vya mita 1. Paipu imeisha bila kubaki kipande, na umepata fremu moja. Unganisha kwa kona nne, usitie gundi, ili siku ya kuhama uibomoe na kuifunga kwenye mizigo. Unahitaji fremu tatu, yaani paipu tatu na kona 12. Zifunge kwa kamba ya manila ziwe kama zizi lililo wazi upande mmoja, mbawa zake zikiwa zimetanuka kidogo ili zisitazamane sawasawa. Wewe simama ndani, mgongo kwenye fremu ya kati. Maiki ikae kwenye mlango wa zizi ikikutazama.

Kila fremu ivalishwe mablanketi mawili, moja kila upande. Ukienda soko la Gikomba usichague kwa uzito peke yake. Weka blanketi mdomoni na upulize. Pumzi ikipita kama kwenye chandarua, ni jepesi mno. Isipopita kabisa, kama kwenye kitambaa chenye nailoni ya plastiki, sauti itagonga na kurudi. Unalotaka ni lile ambalo pumzi inapita kwa shida, maana sauti hupotea kwa kusuguana na nyuzi inapopita ndani. Litundike likiwa na makunyanzi, si kuvutwa kama ngozi ya ngoma, na fremu iwe mbali na ukuta walau sentimita 10. Nafasi hiyo ina kazi. Sauti ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 34 hivi, na kitambaa hulikamata vizuri zaidi kikiwa robo ya wimbi kutoka ukutani, kama sentimita 8 na nusu. Blanketi lililobandikwa ukutani hulala mahali ambapo hewa haitembei, likabaki kukamata sauti za juu tu. Juu ya fremu tandika duveti, chini weka zulia.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayozikataa trei za mayai. Ni karatasi ngumu nyembamba. Zinabadilisha kidogo sauti za juu kabisa na kuziacha zile za katikati zinazolifanya neno lisikike kibafuni. Tena zinashika moto haraka. Zitoe.

Mwanamume mwenye sauti nzito ana tatizo la ziada. Sauti ya hezi 100 ina wimbi la mita 3.4, na hakuna blanketi litakaloigusa. Ukijibana ndani ya kabati utasikika kama uko ndani ya sanduku. Tanua zizi, na nyuma yako simamisha godoro la kitanda la inchi 6. Unalo tayari na halikugharimu chochote. Anayeweza kwenda mbali zaidi ajaze pembe za chumba kwa pamba ya mwamba (rockwool) yenye unene wa sentimita 10, aifunge kwa kitambaa, na avae glovu na barakoa anapoikata kwa sababu nyuzi zake huwasha.

Haya yote yanaua mwangwi. Hayazuii honi ya matatu. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kuzichanganya kumewala watu pesa nyingi. Kelele ya nje huzuiwa na uzito na kuziba hewa, maana panapopita hewa ndipo inapopita sauti. Bandika mpira wa kuziba kuzunguka fremu ya mlango, kunja taulo uliweke chini yake, kisha tazama juu ya dirisha. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa yasiyofungika. Kata sifongo nene kwa saizi ya tundu, lisukume ndani unaporekodi, ulitoe ukimaliza. Jiko la makaa au la gesi lisiwake hata kidogo wakati matundu yamezibwa. Hewa ya makaa inaua bila harufu.

Kwa kelele iliyobaki, dawa ni saa. Rekodi sekunde 30 za ukimya kila saa kwa siku nzima, hata usiku, geini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) ikiwa ileile, uandike namba ya kiwango cha kelele. Utajua lini mtaa wako unanyamaza. Aliye South C chini ya njia ya ndege za Wilson na aliye kando ya Jogoo Road hawawezi kutumia ratiba moja. Anayeishi chini ya mabati afanye kazi yake kabla mawingu hayajafunga, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Friji ichomolewe, na funguo za nyumba ziwekwe ndani yake ili usitoke kabla ya kuirudisha. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni.

Ukisikia mvumo mzito usiokatika, huo mara nyingi ni umeme: hezi 50 na ndugu yake 100. Chomoa chaja ya laputopu, urekodi kwa betri. Mvumo ukiisha, umempata mkosaji. Waya wa maiki usilazwe sambamba na waya wa umeme. Vikikutana, vikatizane kama msalaba.

Umbali upime kwa shubiri: kidole gumba kwenye midomo, kidole cha mwisho kwenye maiki, karibu sentimita 20. Ukirudi nyuma mara mbili ya hapo, sauti yako inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) lakini ya chumba inabaki palepale, na kile kijimkia kinatokeza. Ukisogea mno, besi inavimba. Maiki ielekezwe kwenye kona ya mdomo, si katikati, ili pumzi za "p" na "b" zipite kando. Jaribu kwa sentensi hii: "Papa wa Pemba apikwapo kwa pilipili pembeni mwa pwani." Mshindo ukitokea, zungusha maiki kidogo zaidi au weka kichujio cha pumzi sentimita 8 mbele yake. Kisha hii ya miluzi: "Siku sita zimesalia, sasa sisi sote tusisitize usafi." Script ikiwa na kupiga kelele, rudi shubiri mbili, punguza geini, urekodi mstari huo peke yake.

Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti vikicheza kati ya desibeli -12 na -6. Vikigonga sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo, wimbi limekatwa kichwa, na hakuna programu itakayolirudisha vilevile. Baada ya hapo kata sauti zilizo chini ya hezi 80, kisha pandisha kilele kifike -3. Hapa wengi hujidanganya: wanapima ukimya kabla ya kupandisha. Ukimya wa -65 ukipandishwa desibeli 9 umekuwa -56, na vipimo vya ACX, soko la mtandaoni la vitabu vya sauti, ambavyo ni kipimo kizuri hata kwa odisheni, vinataka usizidi -60. Pima mwishoni. Programu ya Audacity inafanya hayo yote bure.

Kuhusu kile kifaa cha kupunguza kelele, jizuie. Desibeli 6 zinatosha. Ukivuta hadi 20, "s" zako zitaanza kububujika kama mtu anayeongea ndani ya maji, na mkurugenzi atajua mara moja unaficha nini. Usiongeze mwangwi wa mapambo wala muziki. Odisheni ni ahadi kwamba siku ya kazi utasikika hivyohivyo.

Kutuma pia kunaharibu kazi nzuri. Usirekodi kwa maiki ya hedifoni za Bluetooth, sauti itarudi nyembamba kama ya simu. Acha nusu sekunde ya ukimya mwanzo na mwisho. Jina la faili liwe jina lako, nafasi unayoomba na namba ya jaribio. Na ukiambiwa utume kwa WhatsApp, faili iende kama dokumenti. Usibonyeze kile kitufe cha kurekodi papo hapo, maana kinabana sauti hadi kazi yote ya mablanketi inapotea.

Dada wa Umoja, maiki usiiuze. Jenga zizi wikendi hii, kisha nitumie sekunde 10 za ukimya na neno moja tu, "karibu". Nitasikiliza ile "u".