Njia ya Diski Yangu Imeingiaje Ndani ya Programu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika kwa Java programu ya kukata tikiti za boti ziendazo Mokowe, ambayo huwasiliana na huduma ya wavuti ya malipo. Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi bila taabu, lakini kwenye kompyuta ya ofisi ya gatini inakatika ikidai kuwa haipati faili la WSDL (faili linaloeleza huduma ya wavuti na jinsi ya kuiita) kwenye njia inayoelekea folda yangu binafsi. Nimepekua msimbo wote nilioandika, wala sikuiona njia hiyo popote. Imetoka wapi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Ndugu msomaji, njia hiyo imeandikwa na wsimport, chombo kinachosoma WSDL na kukutungia klasi za upande wa mteja. Juu ya klasi ya huduma, chombo hicho hubandika anotesheni (alama ya maelezo inayoambatanishwa na msimbo) ya @WebServiceClient yenye jina la huduma, nafasi yake ya majina (namespace), na sehemu iitwayo wsdlLocation, ambayo hujazwa mahali WSDL ilikosomwa. Nawe, bila shaka, uliisoma kutoka diski yako. Kompaila haiitupi, kwa kuwa anotesheni hii imetangazwa idumu hadi programu inapoendeshwa, tofauti na @Override, ambayo huishia katika msimbo tu.

Ukitaka kujionea, endesha javap -v, chombo kinachoonyesha yaliyomo ndani ya klasi iliyokwisha kukompailiwa, pamoja na jina la klasi hiyo. Njia yako itaonekana kama maandishi ya kawaida katika hazina ya thabiti (constant pool, orodha ya maandishi na thamani zilizohifadhiwa ndani ya klasi), kisha tena chini ya kichwa RuntimeVisibleAnnotations. Kwa hiyo yeyote uliyempa programu yako anaweza kusoma jina la folda yako, jambo ambalo mimi binafsi silipendi hata pale programu inapofanya kazi vizuri.

Wengi hukimbilia kubadilisha anwani ya huduma kupitia BindingProvider, sehemu ya Java inayokuwezesha kuweka anwani ya kuitia huduma, lakini hilo halitakufaa, kwa sababu WSDL hutafutwa kabla ya hatua hiyo kufikiwa. Afadhali uliweke faili la WSDL ndani ya jar (kifurushi cha programu yako), katika META-INF/wsdl, kisha uite konstrakta ya klasi ya huduma inayopokea URL ukiipa matokeo ya getResource, ambayo hutafuta faili ndani ya jar hiyo. Ili njia ya zamani ifutike, tunga klasi upya kwa chaguo la -wsdllocation. Kama unatumia Java 11 au ya baadaye, wsimport haimo tena katika JDK (kifurushi cha zana za kuandikia programu za Java), hivyo itakubidi uipakue kivyake.