Chaneli ya E1 inabaki imeshikwa baada ya simu kukatwa

Unasema mtu akishakata simu, PBX yako (mtambo wa simu za ofisi) inaendelea kuonyesha chaneli ya E1 (laini ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja) iko bize. Fungua trace ya Q.931 (rekodi ya ujumbe wa kuanzisha na kukata simu) uangalie mwisho wa simu, maana mwanzo wake (SETUP, CALL PROCEEDING, ALERTING, CONNECT, CONNECT ACKNOWLEDGE) kwako unapita vizuri.

Kukata simu kuna hatua tatu. Anayekata anatuma DISCONNECT, upande wa pili unajibu RELEASE, kisha wa kwanza anafunga na RELEASE COMPLETE. DISCONNECT peke yake haiachilii chaneli! Fuata namba ya call reference (inayotambulisha simu husika) ile ile katika zote tatu. Bendera yake (biti inayoonyesha kama anayetuma ndiye aliyeanzisha simu) hugeuka kulingana na upande unaotuma, hilo lisikushtue.

DISCONNECT isipojibiwa, kipima muda T305 kinasubiri sekunde 30 ndipo RELEASE itumwe. Hiyo nayo ikikosa jibu, kipima muda T308 cha sekunde 4 kinairudia mara moja, kisha chaneli inawekwa kando kama mbovu. Hapo ndipo zinapokwama, na dawa yake ni RESTART (ujumbe wa kuianzisha upya) kwa chaneli hiyo.

Ila kama DISCONNECT inatoka kwa mtandao ikiwa na progress indicator 8 (ishara kwamba kuna toni au sauti kwenye laini), huenda PBX inamsikilizisha mteja toni kwanza. Zima mpangilio huo, ijibu RELEASE papo hapo.

Soma na cause (namba ya sababu ya kukatwa) pia: 16 ni kukata kwa kawaida, 17 mpigiwa yuko bize, 102 ni muda umeisha bila jibu. Ukiona 102 nyingi, kagua timeslot 16 (nafasi ya E1 inayobeba ujumbe huu wote) kwanza.