Limfoma ya seli B iliyorudi: kuna njia zaidi ya tibakemikali

Dada, pole sana na kuuguza. Umeuliza kama limfoma ya seli B kubwa (saratani ya seli nyeupe za damu) ya mzee wako, iliyorudi miezi minane baada ya tibakemikali, ina tiba nyingine zaidi ya kurudia dawa zilezile. Ipo. Ya kwanza kuulizia ni CAR-T: seli T zake, yaani seli za kinga ya mwili, huchujwa kwenye damu, hubadilishwa maabara ili ziitambue alama ya CD19 kwenye saratani, kisha hurudishiwa kwa dripu. Tangu 2022 Marekani inairuhusu mapema kwa ugonjwa uliorudi ndani ya miezi 12, kama wake. Ugumu ni kusubiri wiki kadhaa zikitengenezwa.

CAR-T ikishindikana, kuna dawa za epcoritamab na glofitamab, zilizoidhinishwa 2023 kwa waliokwisha kupata matibabu mawili au zaidi. Hizi hushika seli T upande mmoja na alama ya CD20 ya saratani upande mwingine, na hazihitaji kutengenezewa kila mgonjwa.

Zote zinaweza kuleta homa na presha kushuka, hasa mwanzoni. Homa ikipanda usiku, tafadhali msingoje kukuche, mpelekeni hospitali. Na kabla ya kuchagua, mwombeni daktari kinyama (kipande kidogo cha uvimbe) kipimwe upya.