Jibu: Megawati 8.5 za Rwamagana zinaenda wapi?

Mkuu, umezidisha megawati 8.5 za kituo cha sola cha Rwamagana kwa saa 24, ukapata uniti (kilowati-saa) 204,000 kwa siku, na unauliza mbona hazionekani. Hesabu hiyo ingefaa kwa jenereta, si kwa jua. Megawati 8.5 ni nguvu ya paneli zote 28,360 zikiwa kwenye jua kali kabisa. Kituo hicho cha Rwanda, kilichoanza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2014, kilikadiriwa kutoa uniti kama milioni 15 kwa mwaka. Gawa kwa 365: wastani wa uniti 41,000 hivi kwa siku, sawa na saa tano kasoro za nguvu kamili. Ni kama asilimia 20 ya ile hesabu yako, na kwa sola hiyo si mbaya hata kidogo.

Usiku unajulikana. Asubuhi na jioni jua liko chini, ingawa pale paneli zinageuka kulifuata, na hilo linasaidia sana. Kisha kuna mawingu ya masika, vumbi, na joto: paneli ikichemka inatoa umeme pungufu (wengi hudhani kinyume).

Anayekwambia "megawati" bila kutaja uniti kwa mwaka, mwulize tena.