Muulize Bi Karani: Bunduki ya Kondele

*Bi Karani alihudumu mahakamani kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo akiwa katika chumba cha vielelezo. Hujibu barua za wasomaji kila mwezi.*

Shikamoo Bi Karani. Nina miaka 20, nasomea ufundi wa umeme hapa Kisauni. Ghasia za 2008 zilinikuta nabebwa mgongoni, kwa hiyo nazijua kwa kusimuliwa tu. Juzi mjomba alinionyesha video ya zamani ya Kondele, Kisumu. Kijana yuko barabarani, mikono mitupu, anawachezea polisi shere. Askari anamkimbiza, bunduki inalia, kijana yuko chini, kisha anapigwa teke. Nikamuuliza mjomba yule askari alifungwa miaka mingapi. Akanijibu, "Aliachiwa." Yawezekanaje, na nchi nzima iliona? Tumebishana hadi chai ikapoa. — Fundi, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Mjomba amekwambia kweli, ila amekuachia mkia wa habari na kichwa amekaa nacho.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 16 Januari 2008. Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika Desemba 27, 2007. Tarehe 30 jioni Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akamtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, kura 4,584,721 kwa 4,352,993 za Raila Odinga. Kiza hakijatulia, Kibaki amekwisha kula kiapo Ikulu. Matangazo ya moja kwa moja yakazimwa, mikutano ya hadhara ikapigwa marufuku. ODM, chama cha Raila, nayo ikaitisha maandamano ya siku tatu, na siku hiyo ya Kondele ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Mimi nilikuwa kazini Kisumu wakati huo, nimepanga chumba kimoja na jiko la nje. Vocha ya shilingi 50 ilikuwa inauzwa mia, na unainunua kwa kunong'ona dirishani. Kondele niliisikia kabla sijaiona: milio, halafu kimya, halafu sauti za wanawake. Jioni tukajazana watu tisa kwa jirani kutazama habari za KTN. Picha ilipofika kwenye lile teke, mwenye nyumba, mzee asiye na maneno mengi, aliinuka akaizima televisheni. Kisha akarudi kitini akaendelea kuikodolea macho vile vile, imezima.

Askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji ya vijana wawili waliopigwa risasi Kondele siku hiyo. Juni 2010 Mahakama Kuu ikamwachia huru. Kilichomtoa ni namba ya bunduki.

Nikueleze kama fundi kwa fundi, maana hata wewe huwezi kuwasha taa kwa waya uliokatika katikati. Kila bunduki ya serikali ina namba iliyochongwa kwenye chuma. Asubuhi askari anapokabidhiwa, namba ile huandikwa daftarini pamoja na jina lake na idadi ya risasi, naye anatia sahihi. Jioni akirudisha, yanaandikwa tena. Mtu akiuawa, risasi inayotolewa mwilini hupelekwa kwa mtaalamu pamoja na bunduki, naye hulinganisha mikwaruzo na kuandika ripoti yake. Ripoti hiyo nayo inataja namba. Mwendesha mashtaka anatakiwa aunge vipande hivi: mwili, risasi, bunduki, daftari, mtu. Katika kesi ya Kondele, namba ya bunduki iliyokuwa katika ripoti ya mtaalamu haikulingana na ya bunduki ambayo mshtakiwa alikabidhiwa. Waya ukakatika hapo. Jaji hawezi kuufunga kwa sababu tu wewe na mimi tuliona televisheni. Kamera ilimwona mtu akiwa na bunduki, haikusoma namba.

Kesi ile haikupita mikononi mwangu, na aliyeachiwa na mahakama simwiti muuaji katika ukurasa huu. Lakini namba haibadiliki yenyewe ikiwa kabatini. Ama mtu aliandika vibaya, ama mtu aliandika vizuri sana kile alichotaka kiandikwe. Katika miaka yangu yote nimeyaona yote mawili, na la kwanza nimelifanya mimi mwenyewe.

Naam, mimi. Mahakama siitaji. Zilikuwa kesi mbili za mapanga zilizoletwa wiki moja. Nilikuwa na malaria, nimemeza dawa, masikio yanavuma, nikafunga kibandiko cha kesi moja kwenye panga la nyingine. Miezi minane baadaye wakili wa utetezi alilinyanyua lile panga, akamwomba daktari alipime ukingo wake na jeraha lililo katika ripoti. Halikuoana. Mshtakiwa akaenda zake. Mjane wa marehemu akaja dirishani kwangu kuuliza nauli ya mashahidi inalipwa wapi, maana hakuwa ameelewa kuwa kesi imekwisha. Nikamwonyesha mlango wa mhasibu. Sikumwambia kitu.

Kwa hiyo, Fundi, hasira yenu ninyi vijana mnaipeleka yote kwenye video. Yangu huenda kwenye daftari. Tume ya Jaji Philip Waki iliripoti Oktoba 2008 kwamba watu 1,133 waliuawa katika ghasia zile, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Zile risasi hazikuokotwa njiani. Zilihesabiwa zikitoka ghalani, na zilizobaki zilihesabiwa zikirudi. Mkibishana tena na mjomba, mwulizeni aliyekuwa ameshika kalamu.

Bi Karani, kama Raila aliona ameibiwa kura, si angekwenda mahakamani? Watoto wa watu wangepona. — Mama Zuhura, Voi

Ndivyo serikali ilivyosema wakati ule, na mimi nilicheka peke yangu jikoni. Kibaki mwenyewe alishindwa na Moi mwaka 1997, akaenda mahakamani. Kesi ikazunguka hadi 1999 ndipo ikatupwa, kwa sababu Moi hakukabidhiwa zile karatasi za kesi mkononi. Jaribu wewe kumkabidhi Rais karatasi mkononi, na walinzi wale! Kura hata hazikufunguliwa. Sasa mtu aliyeyaona hayo utamwambia aende akapange foleni?

Katiba ya 2010 ilirekebisha hilo. Anayepinga ana siku 7 kufungua kesi, na Mahakama ya Juu ina siku 14 kuamua. Ndiyo maana Septemba 1, 2017 ushindi wa Uhuru Kenyatta ulifutwa mapema vile. Lakini hebu tazama, Mama Zuhura. Agosti ya mwaka huo huo, polisi walivamia nyumba za Nyalenda, Kisumu, usiku, na mtoto wa miezi 6 akajeruhiwa, akafa. Hakimu aliyechunguza kifo chake alisema Februari 2019 kwamba polisi wanahusika. Mashtaka yakaidhinishwa Oktoba 2022. Kura imepewa siku 14. Kufikia hapo mtoto yule angekuwa na miaka mitano, ameanza shule.

Bi Karani, sitasema naandika kutoka wapi. Rafiki yetu alipigwa risasi kwenye maandamano, tukamkimbiza hospitali kwa pikipiki, akafa siku ya pili. Bado hajazikwa. Kituoni wamekataa kutuandikia. Shati lake nilipewa na muuguzi, liko kwangu kwenye mfuko wa plastiki. Nataka kulifua nimpelekee mama yake. — Jirani

Pole sana, mwanangu. Usilifue.

Litoe kwenye plastiki leo hii. Damu ikikaa ndani ya plastiki inaoza, na kuvu likiingia, mtaalamu hana la kusoma. Litandaze juu ya karatasi safi, kivulini, mahali ambapo kuku na watoto hawafiki. Likikauka, likunje bila kukunjia pale kwenye tundu, ulitie katika bahasha kubwa ya kaki. Kisha andika juu yake: muuguzi gani alikupa, tarehe na saa, na limelala wapi tangu hapo. Ukimkabidhi mtu, aandike jina lake na atie sahihi. Usione haya kumdai sahihi, hata akiwa na nyota begani.

Kituo kimoja kikikataa kuandika kwenye OB, daftari la matukio la polisi, nendeni kingine, na msiondoke bila namba. Nendeni pia moja kwa moja IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kulalamika huko hakulipiwi. Na sheria ya polisi ya mwaka huo huo inamtaka mkuu wa askari aliyemuua au kumjeruhi mtu vibaya aripoti huko. Kama hakuripoti, hilo nalo liandikeni kwenye malalamiko.

Msizike kabla ya upasuaji wa maiti. Najua gharama za mochari zinapanda kila siku na wazee wanasukuma. Lakini familia ina haki ya kuwa na daktari wake pale mezani anaangalia, na yako mashirika ya haki za binadamu yanayosaidia kumpata. Risasi ikitolewa, ulizeni swali moja tu na mliandike jibu: nani ameipokea? Jina, cheo, saa. Mkisahau yote niliyoyaandika hapa, hilo msilisahau.

Kama kuna aliyepiga picha, simu yenyewe iwekwe, isifutwe wala kuuzwa. Video ikirushwa WhatsApp hupungua ubora, na mahakamani kutahitajika cheti kinachoeleza ilitoka kwenye kifaa gani. Aliyepiga akiogopa, asilazimishwe wiki hii. Ajue tu kwamba simu ile haichezewi na watoto.

Na mama yake mwendee, lakini usiende na shati. Nenda na nakala ya uliyoandika juu ya bahasha, umsomee, umwambie shati ni lake na litarudi kwake kesi ikiisha. Kama hajui kusoma, mwachie nakala hiyo hiyo. Ataitia mahali anapoweka kitambulisho chake.