Maswali ya Wasomaji: Kuchunguza Ubongo Bila Mashine ya MRI

Swali: Mhariri, shikamoo. Ninasomea shahada ya uzamili katika fizikia ya tiba. Hospitali iliyo karibu na chuo chetu ina mashine moja ya MRI, yaani ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, nayo inahudumia wagonjwa kutwa nzima, hivyo nafasi ya utafiti haipatikani. Msimamizi wangu ameniambia nitumie picha za ubongo ambazo watafiti wengine wamekwisha kuzipiga na kuziweka wazi mtandaoni. Je, tasnifu ya namna hiyo inakubalika? Na nitazichakataje kwa kompyuta mpakato yenye diski ndogo?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Jibu: Marahaba. Inakubalika, na utaratibu huo si mgeni tena. Mnamo Desemba 2009, vituo vya utafiti zaidi ya 30 viliunganisha picha za watu zaidi ya 1,200, waliopigwa wakiwa wametulia bila kupewa kazi yoyote, na kumruhusu yeyote azipakue. Siku hizi hifadhi inayotumiwa sana ni OpenNeuro, iliyotokana na mradi wa awali wa OpenfMRI ulioongozwa na mtafiti wa ubongo Russell Poldrack, na data zake nyingi hutolewa kwa leseni ya CC0, yaani huhitaji kumwomba mtu kibali cha kuzitumia. Hata hivyo, kamati ya maadili ya chuo chako huenda ikataka barua yako, kwa hiyo iulize mapema.

Mtahini makini hatasumbuliwa na mahali picha zilikotoka bali na hatua ulizofuata katika kuzichakata. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya timu 70 zilizopewa data zilezile na dhana tisa za kupima. Hakuna timu mbili zilizofuata njia moja, na majibu yao kuhusu baadhi ya dhana yalitofautiana waziwazi. Kwa hiyo hifadhi msimbo wako wote, taja toleo la kila programu, na uamue hatua za uchakataji kabla hujaona matokeo.

Kuhusu kompyuta, picha moja ya umbo la ubongo ina megabaiti makumi tu, lakini data kamili za mtu mmoja katika mradi mkubwa kama Human Connectome Project hufikia gigabaiti nyingi, na mradi huo una washiriki wapatao 1,200. Kuzipakua zote kwa bando la simu ni kujitesa. Kwa kuwa data za OpenNeuro na za Human Connectome Project zimewekwa katika seva za Amazon, busara ni kukodi kompyuta za mbali kupitia mtandao, ndizo huitwa wingu, katika kanda ileile zilipo data na kupeleka programu huko, ikiwa imefungwa ndani ya kontena pamoja na kila inachohitaji, kisha kurudisha majedwali ya matokeo pekee. Programu kama FreeSurfer, inayopima sehemu za ubongo kutokana na picha, huweza kuchukua saa kadhaa kwa ubongo mmoja. Katika wingu unaweza kuchakata picha za bongo nyingi kwa wakati mmoja. Angalia gharama tu: utalipia saa za kompyuta, nafasi ya kuhifadhi, na mara nyingi data unazotoa nje ya wingu, na mashine uliyosahau kuizima huendelea kukudai hata ukiwa umelala.

Kwa maoni yangu, usilikimbilie wingu mapema. Chagua seti ya watu 20 au 30, upakue folda ya mtu mmoja na kuichakata mpaka mwisho. Seti za OpenNeuro hupangwa kwa kanuni za BIDS, yaani utaratibu wa pamoja wa kupanga na kuita mafaili ya picha za ubongo: folda ya mshiriki wa kwanza huitwa sub-01, na ndani yake anat hubeba picha za umbo, func zile za utendaji, yaani mfululizo wa picha zinazofuatilia shughuli za ubongo. Kando ya picha ya utendaji kuna faili dogo la maelezo, ambamo muda kati ya picha moja na inayofuata huandikwa kwa sekunde, ilhali mashine yenyewe huuandika kwa milisekunde. Aliyenakili 2000 badala ya 2 ameharibu uchambuzi wote, na programu isipokuwa na ukaguzi itaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Ila usitumie watu 30 kuhusisha tofauti za ubongo na tofauti za akili au tabia baina ya mtu na mtu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba uhusiano wa aina hiyo huhitaji maelfu ya washiriki ili uaminike. Uliza swali linalolinganisha hali mbili ndani ya mtu yuleyule.

Swali: Shangazi yangu alijitolea katika UK Biobank, hifadhi kubwa ya data za afya ya Uingereza, na akapigwa picha ya ubongo. Aliambiwa jina lake limeondolewa. Je, bado anaweza kutambuliwa?
*Msomaji, Leicester*

Jibu: Wasiwasi wake una msingi, kwa kuwa picha ya MRI ya kichwa hubeba pia uso. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walijenga upya nyuso kutokana na picha za watu 84 waliojitolea, na programu ya kutambua sura ikawaoanisha sawasawa watu 70 kati yao na picha zao za kawaida. Ndiyo maana eneo la uso hufutwa kabla ya picha za umbo kutolewa.

Isitoshe, UK Biobank si hifadhi iliyo wazi kwa kila mtu: watafiti huomba na kuidhinishwa, na tangu 2021 kuna jukwaa la wingu ambamo wanafanyia kazi data bila kuzihamisha. Shangazi yako pia anaweza kujitoa wakati wowote, ama kwa kutaka tu asitafutwe tena, ama kwa kuzuia taarifa zake zisitumike tena katika utafiti mpya. Kilichokwisha kuchambuliwa na kuchapishwa hakiwezi kuondolewa.