Jibu: Anza na Rabi Akiva

Ndugu yangu, umeuliza ni mwalimu gani wa Kiyahudi anayemfaa mtu anayehisi amechelewa kusoma. Mimi ningekuelekeza kwa Rabi Akiva, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mchungaji asiyejua hata herufi mpaka alipotimiza miaka 40, akaona jiwe lililotobolewa na matone ya maji, akatambua kuwa elimu nayo ingeweza kumwingia polepole, kisha akaenda kuketi mbele ya mwalimu wa watoto pamoja na mwanawe. Kinachonigusa zaidi (na wengi hukipita haraka) ni kwamba aliporudi nyumbani na maelfu ya wanafunzi, aliwaambia kuwa elimu yake na yao ni ya mkewe, aliyevumilia ufukara ili yeye asome. Warumi walimuua kwa kufundisha Torati hadharani, katika zama za uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma ulioongozwa na Bar Kokhba, mwaka 132 hadi 135.